Baideu wa Steshenari na Foleni ya Madaktari

Ukitaka kumkasirisha Renubala Medhi, kaa kwenye benchi lake, mkabidhi makaratasi yako, halafu mwambie, "Nijazie tu, Baideu, wewe ndiye unayejua." Atavua miwani. Atatema tamul, ile popoo anayotafuna, kwenye kopo, na midomo yake myekundu itajikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Kisha atakuonyesha kiti kwa kidole.

Kiti cha maana katika duka lake la steshenari ni kimoja, kile chenye mto na magurudumu, nacho si chake. Yeye hukalia stuli. Kiti ni cha mwenye fomu. Kama fomu ni ya mtoto wa miaka kumi na saba, mtoto ndiye anayekaa kitini, na baba yake, hata awe hakimu, anakaa benchi. Na kile kitufe cha mwisho kabisa, ambacho ukishakibofya hakuna kurudi nyuma, Baideu hakigusi. Anabofya mwenye kiti.

Duka lenyewe liko mjini kwetu Kothalguri, ng'ambo ya barabara ukitoka mahakamani, limejibanza chini ya ngazi, kwa hiyo mtu mrefu akiingia huinama kama anayesalimia. Ndani kuna kompyuta moja iliyovikwa kitambaa cha kufuma kila jioni, printa inayokohoa, mashine ya fotokopi, na harufu ya wino na tamul. Watu wote humwita Baideu, yaani dada mkubwa, hata babu yangu mzaa mama aliyemzidi miaka ishirini. Ana miaka hamsini na minne, hajaolewa, na ukimuuliza kwa nini anakuuliza wewe umejaza fomu gani ya kuuliza.

Mimi nilimuuliza mengi, na hilo namshukuru, kwamba hakuwahi kunifukuza. Aliniambia alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, barazani pale mahakamani, na taipureta ya kuazima. Wapiga chapa wengine watano walikuwa wanaume. Siku ya kwanza mmoja wao alimwambia, "Binti, hapa hatufumi vitambaa." Akawajibu kwa kupiga chapa viapo vya mashamba kurasa kumi na mbili bila kosa, na ukurasa wa kumi na tatu akampelekea yule bwana ampigie muhuri. Pale barazani alijifunza jambo moja alilosema limemfaa kuliko shule: watu huweka sahihi kwenye maneno ambayo hawajayasoma. Kwa hiyo akawa anawasomea kwa sauti, neno kwa neno, na wateja wakamkimbia kwa sababu anachelewesha, halafu wakarudi.

Kompyuta zilipokuja, na fomu zote zikahamia huko, wale wanaume watano walikuwa wazee au wamekwenda kwa Mungu. Yeye akanunua mashine ya mitumba na kukodi nafasi chini ya ngazi. Ndipo watoto wa udaktari wakaanza kuja.

Kwetu, anayetaka kuwa daktari hufanya mtihani mmoja, siku moja, nchi nzima. Unaingia na ndala na shati la mikono mifupi; hata kipini cha pua unakivua mlangoni. Maswali ni mia na themanini. Ukipata, unaongezewa nne. Ukikosa, unakatwa moja. Ukiacha, huongezewi wala hukatwi. Jumla ni mia saba na ishirini. Hakuna anayekuuliza kwa nini unautaka udaktari, wala anayetazama kama una huruma au kama ukiona damu unazimia. Alama zako zinageuka namba ya foleni, basi, na foleni hiyo ndiyo inayogawa viti vya vyuo.

Nilimuuliza Baideu kama hiyo ni haki. Alisubiri printa imalize kukohoa. Akasema alama hazijui nani atakuwa daktari mzuri, zinajua tu nani asimame mbele ya nani. Lakini kwa mtoto asiye na mjomba serikalini, hata hilo peke yake ni kubwa, na asilidharau.

Dada yangu Bornali hana mjomba serikalini. Ana baba mwalimu wa shule ya msingi na mama mfumaji. Mwaka wa kwanza alifanya mtihani ule akakosa nafasi, na nyumba yetu ikanyamaza kama imefiwa. Akakaa mwaka mzima tena na vitabu vilevile, akawa anasema majina ya mifupa usingizini. Najua kwa sababu tunalala kitanda kimoja. Mwaka wa pili akapata mia tano themanini na tatu.

Katika mkoa wetu watoto tisa walipata alama hizohizo. Alama zikilingana wanatazama biolojia kwanza, halafu kemia, halafu fizikia, na kwa sababu ya biolojia Bornali akawa wa pili kati ya wale tisa. Namba yake ya foleni ikawa mia sita sitini na nane.

Sasa sikia shida ilipo. Ukishapata namba, unaingia kwenye tovuti na kuorodhesha vyuo unavyovitaka, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mwisho. Siku ya mwisho saa kumi na moja jioni orodha inafungwa, na kama hujaifunga mwenyewe inajifunga yenyewe kama ulivyoihifadhi mara ya mwisho. Nyumbani tulikuwa na vyuo viwili vinywani. Kimoja tulikiita Chuo cha Zamani, kipo ng'ambo ya Brahmaputra, kina hospitali kubwa yenye wodi zisizohesabika. Kingine tulikiita Chuo Kipya, kiko wilaya ya jirani, rangi yake bado inanuka. Mwaka uliotangulia Chuo cha Zamani kilifungia mtu wa mia sita hamsini na tano, yaani huyo ndiye wa mwisho kuingia. Chuo Kipya kilifika mpaka mia saba sitini.

Bornali alikitaka Chuo cha Zamani toka bibi alipolazwa pale. Siku kumi na tisa alilala sakafuni kwenye korido pamoja na bibi, na kila asubuhi daktari mmoja mwanamke alichuchumaa chini, kwenye sakafu ileile, akamweleza bibi ugonjwa wake kwa lugha ya kijijini kwetu. Bibi hakupona. Lakini alikufa akijua kilichomuua kinaitwaje, na Bornali akarudi nyumbani anaongea kama mtu aliyeona njia.

Baba yangu ni mtu wa adabu. Sherehe yoyote, yeye hupakua mwisho. Akipewa kipande kikubwa cha samaki humrudishia mwenyeji kwenye bakuli. Kwa hiyo walipokaa na Bornali kwenye kompyuta ya shuleni kwao, yeye ndiye aliyepanga: Chuo Kipya cha kwanza, Chuo cha Zamani cha pili. Alisema mtu wa mia sita sitini na nane asijitie ukubwa wa mia sita hamsini. Ukiomba cha juu ukakikosa, alisema, utakaporudi kuomba cha chini utakuta waliokiomba kwanza wameshakaa. Hivyo ndivyo wanavyoamini wazazi wengi wa huku, kwamba mashine inamwona mwenye tamaa na kumpeleka nyuma. Bornali hakubisha. Alilia kidogo bafuni, akanawa, akatoka.

Siku ya kufunga orodha, saa nane na nusu mchana, tulifika kwa Baideu sisi watatu, Baba, Bornali na mimi. Tulichotaka ni kufunga tu na kuchapa nakala. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta inaendeshwa na betri ya akiba, na ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate. Kwenye benchi alikaa Thaneswar, karani wa wakili, anasubiri fotokopi zake umeme urudi. Ni mzee mnene mcheshi ambaye daktari amemkataza sukari na yeye amemkatalia daktari.

Bornali akakalishwa kitini. Baideu akaisoma orodha kwa sauti, kama kawaida yake, cha kwanza, cha pili. Akasimama. Akamuuliza Bornali, si Baba, "Mwanangu, viti vyote vingekuwa vitupu leo, ungekwenda kukaa wapi?"

Bornali akamtazama Baba. Baba akatazama feni isiyozunguka.

"Nimekuuliza wewe," Baideu akasema.

"Chuo cha Zamani."

"Mbona umekiandika cha pili?"

Baba akaingilia kwa upole, akaeleza yale ya kujitia ukubwa. Baideu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakifunika kipanya cha kompyuta kwa kiganja chake, kama mtu anayemfunika kifaranga. Akasema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini hapa hapabofywi."

Sijawahi kumwona Baba akikasirika mbele za watu, na siku ile pia hakukasirika. Alibadilika tu rangi masikioni. Alisema duka si hili peke yake mjini. Baideu akasema ni kweli, la Prabin liko karibu na soko, lina hadi kiyoyozi. "Nenda. Ila kwanza nipe robo saa. Nikishindwa kukuonyesha, nitafunga duka niwasindikize mwenyewe."

Akatoa kopo la bati alilotumiwa na shemeji yake. Akapanga kwenye sahani pitha moja, kile kitumbua cha mchele na ufuta, laru mbili, yaani vidonge vitamu vya nazi, na biskuti mbili za chai. Akatupa kila mmoja kipande cha karatasi na namba ya foleni: Thaneswar wa kwanza, Bornali wa pili, Baba wa tatu, mimi wa nne. Tuandike kwa siri tunachokitaka kwanza, cha pili, cha tatu. Yeye ndiye mashine.

Akakusanya karatasi. Akabadilisha hata sauti, ikawa kavu. "Namba moja anataka pitha. Ipo. Chukua." Thaneswar akachukua na kuuma papo hapo. "Namba mbili anataka laru. Ipo. Chukua. Namba tatu anataka," akaisogeza karatasi ya Baba mbali na macho, "biskuti. Ipo. Chukua. Namba nne anataka laru. Ipo. Chukua."

Baba alishika biskuti yake akaitazama laru mkononi mwangu. "Lakini ile laru ilikuwepo zamu yangu ilipofika," alisema.

"Ilikuwepo."

"Na mimi laru naipenda."

"Na mimi ningejuaje?" Baideu akajibu. "Mimi mashine. Nimesoma karatasi yako, karatasi yako imesema biskuti."

Niliila laru ile mbele ya baba yangu, sitaficha. Ilikuwa na iliki.

Baba akasema sawa, hapo ilibaki kwa bahati. Je, isingebaki? Si angerudishwa nyuma, na biskuti angezikuta zimeisha? Nilimwona Baideu akitabasamu, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa analisubiri. Akapanga sahani upya: laru moja, biskuti moja, na mahali pa pitha akaomba pitha. Thaneswar akanyoosha kipande kilichobaki, chenye alama za meno.

"Hicho ndicho kiti cha udaktari?" Baideu akamuuliza.

"Kimekaliwa kidogo," Thaneswar akasema.

Mara hii alituamuru la kuandika. Baba aandike pitha kwanza, laru ya pili, biskuti mwisho. Mimi wa nne niandike biskuti kwanza kabisa. Akaanza: Thaneswar pitha, Bornali laru. Ikafika zamu ya Baba. "Namba tatu anataka pitha. Imekwisha. Bado nipo kwa namba tatu, sijasogea. Cha pili, laru. Imekwisha. Bado nipo kwake. Cha tatu, biskuti. Ipo. Chukua." Akanigeukia. "Namba nne anataka biskuti. Imekwisha. Pole."

Thaneswar akameza.

"Mwalimu," Baideu akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "mtoto huyu biskuti ameiandika ya kwanza. Wewe umeiandika ya mwisho. Nani kaipata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Baba akafikiri kama wanafunzi wake wanavyofikiri ubaoni. "Kwa sababu zamu yangu ilikuwa haijaisha."

"Foleni imekwishapangwa na alama. Orodha yako haikutoi mbele wala haikupeleki nyuma. Inasema tu, ukiulizwa, utajibu nini."

Na hapo ndipo alipotusimulia habari ya mdogo wake, Haren, bila kutuangalia, huku anaifuta sahani. Enzi hizo hakukuwa na kompyuta. Watoto waliitwa ukumbini kwa namba zao, viti vimeandikwa ubaoni kwa chaki, na kila mmoja alisimama kutaja anachokitaka. Haren alikuwa wa arobaini na moja, na viti vya udaktari vilikuwa vingi bado pale ubaoni. Bwana aliyekaa mezani akamuuliza anataka wapi. Haren, mtoto aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa akasema, "Popote mtakaponiweka, bwana." Bwana yule alikuwa na njaa na foleni ndefu. Akamwandikia udaktari wa mifugo. Renubala alikuwa ameketi kiti cha jirani na mdomo wake mwenyewe, na hakuufungua, kwa sababu alikuwa msichana na hakuulizwa yeye.

Nikamuuliza Haren anaendeleaje. Alicheka. Anaendelea vizuri sana, alisema, ng'ombe wa nusu wilaya wanamjua, na anadai wagonjwa wake hawajawahi kwenda kutafuta daktari mwingine. "Yeye alishasamehe siku ileile. Mimi ndiye niliyeweka kiti hiki."

Baba aliinuka benchi. Nilidhani anaondoka. Akaenda akasimama nyuma ya Bornali, akaweka mkono begani kwake, akasema polepole, "Mama, andika unakotaka kwenda."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Betri ya akiba ilikuwa na taa moja imebaki kati ya nne. Bornali akabadilisha: Chuo cha Zamani juu, Chuo Kipya chini yake, vingine vikafuata kama anavyovitaka. Ili kuhifadhi mabadiliko, tovuti ikatuma namba ya siri kwenye simu iliyosajiliwa. Simu iliyosajiliwa ni ya Baba. Simu ya Baba ilikuwa nyumbani, chaji imebaki kidogo, inasubiri umeme urudi.

Baba akaazima simu ya Thaneswar akaipigia, ili Mama apokee. Iliita mara mbili bila kupokelewa. Ya tatu akapokea. Baideu akaweka sauti ya wazi ili Bornali aandike namba zikitajwa.

"Mama Bornali, kuna namba ya tarakimu sita imeingia hapo. Nisomee."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi nani? Namba hii siijui."

"Baba Bornali. Ni simu ya kuazima. Soma namba, haraka."

"Baba Bornali mwenyewe ndiye aliyeniambia nisimsomee mtu namba za siri," Mama akasema. "Akaniambia hata mtu akijifanya ni yeye. Tena wanaojifanya huwa na haraka hivyohivyo."

Thaneswar aliinama akicheka mpaka tumbo likagusa magoti. Na kweli, Baba alimfundisha Mama hayo mwezi mzima, baada ya jirani yetu kuibiwa pesa benki kwa njia hiyo. Akajaribu kumbembeleza. Mama akasema kama ni yeye, aseme asubuhi ya leo amevunja nini jikoni.

Baba akatutazama wote mmoja mmoja. Akageukia ukuta. "Bakuli la mama yako," alisema.

"Na ukalificha wapi?"

"Chini ya gunia la mchele."

"Haya, andika," Mama akasema, akasoma.

Namba ilikuwa imeshapitwa na muda. Tukaomba nyingine, na safari hii Mama alisoma bila kesi. Orodha ikahifadhiwa. Baideu akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, jina la Bornali, namba ya foleni, chuo cha kwanza mpaka cha mwisho, huku taa ile moja ya betri inapepesa nami natamani kumziba mdomo asome haraka. Hakuharakisha. Alipofika mwisho akaondoa mkono wake. Bornali akabofya. Dakika nane baadaye betri ikazima, lakini orodha ilikuwa imefungwa.

Siku sita tulisubiri. Baba hakulaumu mtu, lakini usiku wa nne nilimsikia akimuuliza Mama kama amefanya vizuri, na Mama akamjibu kwamba kama amefanya vibaya, amefanya vibaya pamoja na mtoto badala ya peke yake, na hiyo ni nafuu. Mimi niliandika orodha za kila kitu siku hizo: vyakula, sinema, walimu. Nilitaka kujua kama najua ninachokitaka. Ni vigumu kuliko mtu anavyodhani.

Matokeo yalitoka Jumanne saa nne asubuhi. Bornali aliyafungua akiwa amesimama, kwenye simu ya Baba, mlangoni, hata viatu hajavaa. Hakupiga kelele. Alinipa simu nisome mimi. Chuo cha Zamani.

Nikasoma na mstari wa chini, kwa sababu mimi husoma mpaka chini. Mwaka huo walio mbele ya foleni wengi walipata vyuo vya mikoa mingine, foleni ikasogea, na Chuo cha Zamani kikafungia mia sita sabini na moja. Nyuma ya Bornali waliingia watatu. Katika wale tisa wenye alama sawa na zake, wanne walibaki nje ya chuo hicho, kwa swali moja au mawili ya biolojia. Siwajui majina. Siku hiyo niliwafikiria sana, na nikiona namba hizo mpaka leo nawafikiria. Kama orodha ya Bornali ingebaki kama ilivyokuwa, kiti kile angekikalia mmoja wao, naye dada yangu asingejua kamwe kwamba kilikuwa chake.

Alasiri tulikwenda kwa Baideu wote wanne. Mama alikuwa akifuma gamosa, kile kitambaa tunachomvisha mtu wa kuheshimiwa, tangu siku ya tatu ya kusubiri, nyeupe na maua mekundu kwenye ncha zote mbili. Nilipomuuliza ni ya nini ikiwa matokeo bado, alisema mtu aliyemwuliza binti yake anataka nini anastahili gamosa kwa kuuliza tu.

Duka lilikuwa limejaa. Kitini alikaa msichana kutoka visiwa vya mtoni, miguu bado ina tope, mama yake benchini ameshikilia bahasha ya vyeti kwa mikono miwili. Duru ya pili ya kugawa viti ilikuwa imeanza. Baideu alituona, akaona nyuso zetu, akajua. Alimwambia Bornali jambo moja tu, kwamba aende na vyeti halisi, si nakala, na aweke nakala tatu za kila kimoja, maana huko mtu anaweza kurudishwa kwa karatasi moja.

Baba akaishika gamosa kwa mikono miwili. Ni mkubwa kwa Baideu, tena mwalimu. Kwetu mtu kama yeye ndiye huvishwa. Akainama akamvisha shingoni, na alipoinama zaidi kumgusa miguu kwa heshima, Baideu akaruka kutoka kwenye stuli, akamshika mabega, akamwambia asimtie dhambi.

"Baideu," Baba akasema. "Ningemfungia mwanangu mlango kwa adabu zangu."

"Adabu zako ni nzuri, Mwalimu. Watoto wako wanazo, nimeziona. Ila mashine hazijafundishwa kuzitambua."

Mama alikuwa ameshakaa benchini kando ya yule mwanamke wa visiwani, wanaongea kama wanaojuana siku nyingi. Bornali alisimama anatazama tu, machozi yanamtiririka bila haya. Mimi nilitaka kumwambia Baideu asante kwa maneno mazuri, nilikuwa nimeyaandaa njia nzima, lakini yalikuwa yamepotea yote, nikamwambia kwamba laru ile ilikuwa nzuri. Akasema atamwambia shemeji yake.

Kisha akarudi kwenye stuli yake. Ncha moja ya gamosa ikaanguka juu ya vitufe vya kompyuta, akairusha begani, ikaanguka tena, akairusha tena, hakuivua. Akavaa miwani na kumgeukia msichana wa kitini.

"Haya, mwanangu," alisema. "Viti vyote vingekuwa vitupu leo, ungekwenda kukaa wapi?"

Msichana akamtazama mama yake. Mama yake akatutazama sisi, na msichana naye akatutazama. Baba yangu, aliyekuwa bado amesimama mlangoni ameinama chini ya ngazi, akamwambia msichana kwa upole, "Usituangalie sisi, mama. Umeulizwa wewe."